“Mwoga” si “coward”: kuchagua maneno ya Kiingereza ya woga na ya ushujaa

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa barua ya nusu ukurasa kutoka shule moja ya msingi iliyoko upande wa Kilolo, nikaombwa niitafsiri kwa Kiingereza ili isomwe na mfadhili wa ng'ambo aliyekuwa akimnunulia sare na madaftari binti mmoja wa darasa la sita. Mwalimu wa darasa alikuwa ameandika hivi: “Ni mtoto mpole, mwoga kidogo, lakini ana bidii sana.” Kazi yangu ni kutafsiri, hapa Iringa mjini, na siku hiyo meza ilikuwa imejaa vyeti vya kuzaliwa na mikataba ya mauziano ya viwanja, nikaandika bila kufikiri mara mbili kwamba mtoto ni mpole, ni “a bit of a coward”, lakini ana bidii. Barua ikaenda. Baada ya wiki tatu lilirudi jibu la adabu lenye ubaridi ndani yake, mfadhili akiuliza binti huyo alifanya kosa gani, alimtelekeza nani katika hatari, hata mwalimu wake mwenyewe akaona amseme hivyo mbele ya mtu asiyemfahamu.

Mwalimu hakuwa amemsema. Alikuwa amemweleza mtoto ambaye akiulizwa swali huinamisha kichwa, akaziba mdomo kwa kiganja na kujibu kwa sauti ambayo dawati la pili haliisikii. Neno lililotakiwa lilikuwa “timid”, au hata “shy” peke yake lingetosha. Nililipia mwenyewe gharama ya kutuma barua ya pili, na tangu hapo nina daftari ambamo naandika kila neno la Kiingereza la woga na kila neno la ushujaa ninalokutana nalo, pamoja na mahali lilipofaa na mahali lilipoharibu. Ninayoyaandika hapa yametoka humo, kwa ajili ya walimu, makarani, wanafunzi na watafsiri wenzangu ambao kila siku hulazimika kuchagua.

Mzizi wa tatizo ni kwamba neno letu “mwoga” linaeleza hali, ilhali “coward” linatoa hukumu. Sisi husema fulani ni mwoga wa mbwa, mwoga wa maji, mwoga wa baridi, na kila aliyewahi kulala Makete mwezi Juni atakiri kwamba kuwa mwoga wa baridi ni dalili ya akili timamu. Mama humwita mwanawe mwoga huku akicheka na kumkumbatia. Methali zetu zenyewe zina huruma na mwoga: kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mwenye methali hizo hamdharau mtu anayerudi nyumbani mzima. Waingereza nao wanao msemo wa kwamba busara ndiyo sehemu bora ya ushujaa, lakini tazama ulikotoka: Shakespeare aliutia kinywani mwa Falstaff, mlevi aliyejilaza vitani akajifanya maiti ili asiuawe. Hata pale Kiingereza kinapomtetea mwoga, kinamtetea kwa kumcheka.

Asili ya neno “coward” inatusaidia kulikumbuka. Limeingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, na chimbuko lake ni neno la Kilatini lenye maana ya mkia. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo zaidi, kwa sababu nasi husema mtu ameufyata, na kila mtu anajua ni mkia ndio uliofyatwa. Basi “coward” hutufikisha kwa aliyeufyata, yaani mtu ambaye wajibu ulimtaka asimame naye akakimbia. Pasipo wajibu uliokimbiwa, neno hilo halina kazi. Anayeogopa nyoka si “coward”. Anayemwona mwenzake ameumwa na nyoka akamwacha njiani, huyo ndiye.

Uzito wa neno hilo uliwahi kuua watu. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia jeshi la Uingereza liliwapiga risasi askari wake 306 kwa makosa kama kutoroka jeshini na kuacha lindo, na 18 kati yao kosa lililoandikwa lilikuwa “cowardice”, yaani woga mbele ya adui. Baadhi yao, kwa ufahamu wa leo, walikuwa wamevurugika akili kwa mizinga. Serikali ya Uingereza iliwasamehe wote mwaka 2006, takriban miaka 90 baadaye. Mwalimu wa Kilolo anapoandika “mwoga kidogo” hana habari na mahakama ya kijeshi, na mtafsiri hapaswi kumpeleka huko.

Ukishaliweka “coward” pembeni, utabaki na maneno manne au matano ya kila siku ambayo ndiyo hasa yanayobeba “mwoga” wetu, na hayafanani. “Afraid” ni la wakati huu na la jambo hili: mtoto anaogopa mbwa yule pale, na mbwa akifungwa hofu imekwisha. “Timid” ni la tabia, mtu ambaye hofu imemkaa kama rangi ya ngozi, asiyependa kujitokeza wala kudai. “Shy” ni haya, na mwenye haya anaweza akawa hana woga hata chembe. Nimewafahamu wavuvi wa Matema wanaolala ziwani Nyasa katika upepo unaotisha, lakini wakiitwa kutoa neno la shukrani kanisani hutoka jasho. “Nervous” ni la kabla ya jambo: kabla ya mtihani, kabla ya usaili, kabla ya kupeleka barua ya posa. Nalo “cautious” si woga kabisa, ni uangalifu, na anayelitafsiri kwa “mwoga” anamwibia mtu sifa yake.

Tofauti hizo zinaonekana vizuri zaidi barabarani kuliko katika kamusi. Chukua mteremko wa Kitonga, mahali ambapo barabara ya kutoka Iringa kwenda Morogoro inajipinda ukingoni mwa mlima huku malori yakishuka kwa kunyata na harufu ya breki zilizochemka ikiingia hadi ndani ya basi. Dereva anayeingiza gia ndogo tangu juu, akaacha nafasi mbele yake na asijali honi za nyuma, ni “cautious”. Dereva anayeshuka huku anakanyaga breki kila hatua tano, akisita kwenye kila kona hata ile iliyo wazi, hadi foleni nyuma yake ikaanza kufanya ujinga, ni “timid”, na kwa kweli ni hatari kuliko anavyodhani. Anayempita mwenzake mahali palipo wazi, akiwa amepima umbali na nguvu ya gari lake, unaweza kumwita “bold”. Anayempita kwenye kona ni “reckless”. Sisi wa mtaani wote wawili wa mwisho huwaita majasiri, wa kwanza kwa kusifu na wa pili kwa kusonya, na sauti ndiyo inayotofautisha. Katika Kiingereza cha maandishi sauti haipo. Neno lazima lifanye kazi hiyo peke yake. Aristotle aliuweka ujasiri katikati, woga ukiwa upande mmoja na uzembe wa kutojali hatari upande wa pili, na nadhani angeielewa Kitonga mara moja.

Liko pia “afraid” la adabu, ambalo limewasumbua makarani wengi. Ofisi ya ng'ambo ikikuandikia kwamba “we are afraid” nafasi zimejaa, hakuna mtu anayeogopa kitu chochote pale. Maana yake ni “tunasikitika kukufahamisha”. Nimeona tafsiri iliyosema “tunaogopa kwamba maombi yako yamekataliwa”, na mwenye maombi akafurahi akidhani wamemwogopa.

Kosa jingine ni la sarufi, nalo ni dogo ila limeenea. Kwa kuwa “mwoga” kwetu hufanya kazi ya jina na ya sifa pamoja, wanafunzi huandika “he is coward”. Kiingereza kinataka ama “a coward”, yaani jina lenye kitangulizi chake, ama “cowardly”, yaani sifa, ingawa umbo lake linafanana na la kielezi. Jina la hali ni “cowardice”. “Cowardness” ninayoikuta katika insha haitumiki. Vilevile hakuna “an afraid boy”; akiwekwa kabla ya nomino ni “a frightened boy”.

Na “cowardly” ina mtego wake, hasa kwa wanaotafsiri habari. Baada ya shambulio la bomu viongozi wa Magharibi huliita tendo hilo “cowardly”. Tarehe 11 Septemba 2001 Rais George W. Bush alisema nchi yake imeshambuliwa na mwoga asiye na uso, na Wamarekani wenyewe wakabishana baadaye kama mtu anayejiua katika shambulio lake anaweza kuitwa mwoga. Katika matumizi hayo hoja si hofu ya mshambuliaji, bali ni kwamba amewapiga wasio na silaha, tena kwa kuvizia. Ukiandika “shambulio la kiwoga” msomaji wa Mafinga atajiuliza aliyeogopa ni nani. Mimi huandika “shambulio la kinyama dhidi ya wasio na hatia”, au “la kuvizia”, kutegemea habari yenyewe.

Maneno ya matusi hayatuhitaji muda mrefu, kwa sababu ni machache yanayofaa kwa kazi ya kawaida. “Craven” ni kali na ya kimaandishi. Zamani Uingereza kesi nyingine ziliamuliwa kwa pambano la watu wawili, na aliyeshindwa alitakiwa kulitamka neno hilo mwenyewe, akakiri na kupoteza heshima yake yote. Leo hutumika zaidi kwa wanasiasa wanaonyenyekea. “Pusillanimous” limejengwa kwa maneno mawili ya Kilatini, udogo na roho, na anayelitumia kwa kawaida anataka aonekane amesoma. “Spineless” humwambia mtu kwamba hana uti wa mgongo, yaani hana msimamo, na hapo Kiswahili na Kiingereza vimekutana karibu kabisa. “Yellow”, yaani njano, ni la filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani, waachie wenyewe. “Dastardly” tahadhari nalo: zamani lilikuwa la woga, leo ni la uovu wa hila, na mara nyingi husemwa kwa utani.

“Chicken” ni la watoto na la vijana wanaochochana. Sijui Waingereza walimtazama kuku yupi. Kuku wa nyumbani kwangu akiwa na vifaranga humrukia mwewe na kumtoa mbio, na mara moja alinitoa mbio mimi. Kitenzi chake lakini ni kizuri, “to chicken out”, kwa maana ya mtu aliyeahidi akaingia mitini saa ikifika. Kisichanganywe na “cold feet”, miguu baridi, ambayo ni kusita kwa dakika za mwisho tu, hasa kabla ya ndoa au kabla ya kutia sahihi. Mwenye miguu baridi bado anaweza kurudi, lakini aliyeingia mitini ameshaondoka.

Kuku na wenzake wameacha jambo moja ambalo linastahili kusimuliwa kwa sababu linaonyesha maneno haya yanavyoumiza. Wachezesha majogoo wa Uingereza waliamini kwamba jogoo mwenye unyoya mweupe mkiani si wa damu halisi na hatapigana. Kutokana na hapo “unyoya mweupe” ukawa alama ya woga. Mwezi Agosti 1914, vita ilipoanza, admirali mstaafu Charles Penrose Fitzgerald aliwakusanya wanawake katika mji wa Folkestone ili wawagawie manyoya meupe wanaume waliowaona wamevaa nguo za kiraia, na desturi hiyo ikaenea. Walioupokea hawakuwa wote wakwepaji. Wengine walikuwa askari waliorudi likizo na wengine majeruhi. Nafikiri mtu akilielewa tukio hilo hatasahau tena kwamba Kiingereza hakimwiti mtu “coward” kwa mzaha, isipokuwa mbele ya rafiki wa karibu sana.

Tugeukie upande wa pili, ambako tatizo limegeuka pia. Kwenye woga tuna neno moja na wao wana mengi. Kwenye ushujaa tuna mengi, nao wana mengi, lakini hayalingani kiungo kwa kiungo. Shujaa, jasiri, shupavu, hodari, mkakamavu, mwenye uthubutu: kila moja lina kona yake. Hodari, kwa mfano, ni mtu mwenye uwezo kabla ya kuwa mtu asiyeogopa, hivyo “fundi hodari” si “a brave carpenter”, kichekesho nilichokikuta katika wasifu wa kazi wa kijana mmoja wa Makambako. Alitakiwa kuandika “skilled”.

Jioni huwa napokea wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, na insha ya Kiingereza wanayoipenda kuliko zote ni ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Kila mmoja huandika “Mkwawa was brave”, kisha akarudia sentensi hiyo hiyo mara sita mpaka mwisho wa ukurasa. Si kosa, ila ni kama kumlisha mgeni ugali bila mboga. Huwa nawataka tuyagawe matukio, kisha tuuulize Kiingereza kila tukio linataka nini.

Tarehe 17 Agosti 1891, kule Lugalo, jeshi la Wahehe liliuvamia kutoka vichakani msafara wa Wajerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski, yule ambaye wenyeji walimwita Nyundo, na Zelewski akauawa pamoja na sehemu kubwa ya askari wake. Ukizungumzia mpango wenyewe, uamuzi wa kungoja na kupiga ghafla jeshi lenye bunduki na mizinga, neno ni “bold” au “daring”. “Bold” husifu uamuzi uliokwenda mbali kuliko ilivyotarajiwa. “Daring” huongeza hatari inayoonekana kwa macho, na ndilo lililo karibu zaidi na “uthubutu” wetu. Ukiwazungumzia vijana waliotoka vichakani na mikuki wakikimbilia midomo ya bunduki, hapo ni “brave”, kwa sababu “brave” ni neno la mwili uliokabili maumivu au mauti papo hapo.

Tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ya Kalenga ilianguka. Mkwawa akaingia porini na kuendelea kupigana kwa karibu miaka minne, watu wake wakipungua na zawadi ikiwa imetangazwa kwa atakayemleta. Kwa miaka hiyo “bold” imekuwa fupi mno. Kinachotakiwa ni neno la kuvumilia bila kulegea: “steadfast”, au “tenacious” ukitaka kusisitiza ung'ang'anizi. Kiswahili kingesema shupavu, na naona hapa ndipo “shupavu” inapopata mwenzake wa kweli. Kisha tarehe 19 Julai 1898, Mlambalasi, alijiua badala ya kukamatwa. Mwanafunzi mmoja aliandika “cowardly”, kwa hoja kwamba kujiua ni kukimbia. Mwenzake aliandika “heroic”. Wakabishana hadi umeme ukakatika. Mimi sikuwaamulia juu ya tendo, ila niliwapa neno ambalo wote wawili waliweza kuliandika bila kudanganya: “defiant”, yaani aliyekataa kutii hadi mwisho. Fuvu lake lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 na sasa liko Kalenga, na mtu akiliona hapo anaelewa kwa nini “brave” pekee haitoshi.

Katika mjadala huo liliibuka suala la “shujaa” na “hero”. Kwetu shujaa ni sifa ya moyoni na pia ni cheo anachopewa mtu na jamii. Kiingereza kimevitenganisha. Mtu anaweza kuwa “brave” peke yake gizani pasipo shahidi, lakini hawi “hero” mpaka wengine wamkiri. Hivyo Siku ya Mashujaa ya tarehe 25 Julai ni siku ya “heroes”, na mashujaa wa Majimaji walionyongwa Songea mwaka 1906 huandikwa hivyo hivyo. Muuguzi akimwambia mtoto aliyedungwa sindano bila kulia “wewe shujaa kweli”, hapo ni “brave”, na kumwita “hero” ni kumdekeza.

Baina ya “brave” na “courageous” wengi hudhani tofauti ni urefu tu. Nionavyo mimi, “courageous” ni la moyo uliokwisha kufikiri. Limetokana na neno la Kilatini la moyo, na lina undugu na namna yetu ya kusema kupiga moyo konde: hofu ipo, mtu anaijua, anaikunja na kusonga mbele. Mhasibu anayekataa kutia sahihi hesabu za uongo huku akijua kwamba atapoteza kazi ni “courageous”. “Fearless” ni kinyume chake kwa namna fulani, kwa sababu linasema hofu haikuwapo kabisa. Linamfaa mpanda miamba katika tangazo, na gazeti linalojisifu, lakini kwa mtu wa kweli mara nyingi ni sifa ya uongo. Mkiwa na barua ya kumpendekeza mtu kazini, andikeni “courageous” kwa kipimo na “fearless” kwa nadra. Mjue pia kwamba Waingereza hulitumia “brave” na hata “courageous” kwa kejeli: mkuu wako wa Kiingereza akisema uamuzi wako ni “very brave”, kaa chini uufikirie upya.

“Bold” nalo lina nyuso nyingi, na wakati mwingine ni ufidhuli. Waayalandi humwita hivyo mtoto mtundu. Kwenye kompyuta ni herufi nzito, na kwenye pakiti ya kahawa, kama hizi zinazosifu buni ya Mbozi, ni ladha nzito. Sijui kama ni bahati tu kwamba Kiswahili kimetumia uzito mara zote mbili.

Maneno ya kijeshi yana adabu zake. “Valour” ni la vitani na la medali. Malkia Victoria alipoanzisha nishani ya msalaba yenye jina lake mwaka 1856, alipendekezewa maandishi yanayosema kwamba ni ya walio “brave”. Alikataa, akachagua “For Valour”, akihofu kwamba askari asiyepewa angeonekana hana ujasiri. Huo ni uchaguzi wa neno uliofanywa kwa makini kuliko mengi ninayoyaona mezani kwangu. “Valiant” limechakaa kidogo, na “a valiant effort” siku hizi mara nyingi ni jitihada nzuri iliyoshindwa, kwa hiyo usiliandike kwenye ripoti ya mradi uliofaulu. “Gallant” ni la askari, na pia ni la mwanamume anayempisha mwanamke kiti.

Nimeyaacha nyuma maneno ninayoyapenda, yale ya buchani. Simama asubuhi kwa mchinjaji akipasua mbuzi: baada ya kuchuna na kufungua tumbo, hushika koo kwa ndani na kuvuta mara moja, na moyo, maini na mapafu hutoka pamoja vikining'inia, vikiwa bado na mvuke katika baridi ya saa moja. Fungu hilo lote Waingereza huliita “pluck”, na kutokana nalo wakapata “pluck” ya ujasiri na sifa “plucky”. Hili ni la mdogo anayemkabili mkubwa: timu ya kata dhidi ya timu ya mkoa, bibi anayemfukuza mwizi kwa mwiko. Lina mapenzi ndani yake, na lina dharau kidogo, kwa kuwa husemwa na aliye juu. Usimwite mkuu wa wilaya “plucky”. “Guts”, matumbo, ni la mtaani na lina nguvu, ila si la barua rasmi. Ini pia lina sehemu yake: wa zamani waliamini ujasiri umo katika ini, na ini lisilo na damu huwa jeupe, ndiyo maana Shakespeare ana mtu mwenye ini jeupe kama yungiyungi. Sisi tunaosema maneno ya fulani yamenikata maini hatuna haki ya kushangaa.

“Nerve” ndilo lenye hila kuliko yote. “She has nerve” ni sifa, ana ujasiri na utulivu. “She has a nerve” ni lawama, ana uso mkavu. Tofauti yote imebebwa na kitangulizi “a”, ambacho Kiswahili hakina, na ambacho wanafunzi wangu hukidondosha kila mara. Na “nervous”, iliyotoka katika shina hilo hilo la mshipa, ni mwenye wasiwasi.

Kuhusu ujasiri wa kuazima, Kiingereza kina “Dutch courage”, kijembe dhidi ya Waholanzi, ambao walikuwa maadui wa Waingereza baharini katika karne ya 17 na walisifika kwa pombe yao kali ya jini. Ni ule ujasiri wa mtu aliyekunywa kwanza. Hapa kwetu masika ukifika na ulanzi, pombe ya mianzi, ukigemwa, neno hilo halihitaji tafsiri wala historia, linahitaji benchi tu.

Mwaka jana ilikuja barua nyingine kutoka shule ile ile ya Kilolo, ya mwisho kabla binti hajaanza sekondari. Mwalimu alikuwa ameandika: “Siku hizi haogopi mtu.” Nilikaa nayo asubuhi nzima. “Fearless” ingemfanya mpiganaji, “bold” ingeweza kusomwa kuwa mtoto asiye na adabu, “brave” ilikosa tukio la kulishikilia. Nikampigia simu.

“Kamwene, mwalimu. Hili la kutoogopa mtu, unamaanisha nini hasa?”

Akacheka. “Kamwene, mzee wangu. Juzi mstarini alinyoosha mkono mbele ya shule nzima, akamuuliza mwalimu mkuu kwa heshima zote kwa nini maharage ya chakula cha mchana yamepungua. Na kweli yalikuwa yamepungua.”

Nikaandika “confident and outspoken”. Kisha nikairudia sentensi mara ya pili, nikaongeza “respectfully”.